Hatua Thelathini na Mheshimiwa

3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenikuta uwanjani, nimekaa matopeni, Mheshimiwa kanilalia mapajani.

Mheshimiwa si mtu. Ni turubai lililoshonwa umbo la mtu, likajazwa mchanga, likavishwa suruali na viatu. Ana kilo sitini na tano. Askari wa zimamoto wamempa jina hilo kwa sababu hafanyi lolote mwenyewe na kila mahali lazima abebwe. Anayetaka kuwa askari anamkamata chini ya makwapa, anamwinua, anamkokota kinyumenyume hatua thelathini bila kumwachia. Mimi nimefika nane.

Kituoni mimi ni mpokea simu tu. Miaka sita nimekaa kwenye chumba chenye dirisha linalotazama gereji, nasikiliza watu wanaolia kwamba nyumba zinaungua, naandika mtaa, nabonyeza kengele, kisha natazama gari jekundu likitoka bila mimi. Sajini, mkuu wa mazoezi, amenipa nafasi ya mwisho ya kufanya mtihani wa askari: tarehe 24 Mei.

"Mbio zako safi," amesema. "Ngazi unapanda. Lakini huyu bwana amekuzidi mno. Nenda kliniki wakuangalie unakula nini."

Sajini ni mwanamke wa maneno machache. Akikupa sentensi nne kwa mpigo, ujue amekufikiria usiku kucha. Dereva wa gari kubwa, ambaye maneno kwake hayaishi, ameniita Njiti tangu mwaka jana. Anasema njiti ya kiberiti haina kazi zimamoto.

6 Machi

Kilo arobaini na saba. Mshauri wa lishe kliniki ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Ameniuliza nakula nini kwa siku. Nikamtajia: chai baada ya kukimbia, kipande cha mkate mchana, wali vijiko vichache jioni. Nakimbia kilomita kumi kila asubuhi. Akaweka kalamu chini, akaniuliza kuhusu siku zangu za mwezi. Nikasema sijaziona tangu Oktoba, nilidhani ni simanzi.

"Simanzi ipo, sikatai," akasema. "Lakini mwili ukikosa chakula unafunga vyumba kimoja kimoja, kama mwenye nyumba aliyeishiwa mafuta ya taa. Hicho huwa miongoni mwa vya kwanza kufungwa. Mifupa nayo inafuata."

Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtu njia. Kunyanyua vizito kunabomoa misuli kidogo, sahani ndiyo inayoijenga upya. Mimi nimekuwa nikibomoa kila asubuhi bila kujenga. Niweke kitu tumboni kabla ya kukimbia. Mayai, maharage, samaki, maziwa, karanga: kimojawapo kiwepo kwenye kila mlo, si jioni peke yake. Wali na viazi nisiviogope, maana ndivyo vinavyobeba kazi. Siku mbili za wiki nisikimbie kabisa.

"Na usingoje njaa," akamaliza. "Njaa yako imekata tamaa. Haibishi hodi tena."

Nilitaka kumwambia kwamba njaa yangu iliondoka na mtu. Nikamshukuru, nikatoka.

7 Machi

Mayai mawili asubuhi. La pili nimelimeza kama dawa.

10 Machi

Niandike habari za nyumbani, maana huko ndiko kwenye shughuli.

Tunaishi wawili, mimi na Mama, yaani mama mkwe wangu. Vyumba viwili na baraza. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Sote tunamwita Fundi, hata mama yake. Miaka miwili na nusu iliyopita alikwenda mbali kuchomelea bomba la mafuta, mkataba wa mwaka mmoja. Mwanzo alipiga simu kila Ijumaa. Baadaye Ijumaa moja moja. Sasa ni mwezi wa saba, nikipiga haiiti.

Kila jioni Mama anapakua sahani tatu. Ya Fundi ndiyo kubwa. Anaifunika, anaiweka juu ya kabati. Asubuhi inakwenda kwa kuku wa jirani, ambao ndio pekee wanaonenepa kwa safari ya mume wangu.

Leo nimeomba upawa wa pili wa maharage. Mama ameushika upawa hewani.

"Mkwe, mwanamke hakwangui sufuria. Mwenyewe akifika atakuta nini?"

"Si kuna sahani yake pale, Mama?"

"Hiyo ni yake."

Akafunika sufuria.

13 Machi

Mvua. Tumbo limejaa kama ngoma. Sipendi.

19 Machi

Nimeanza kula kazini. Naficha mayai ya kuchemsha kwenye droo ya daftari za simu, karanga kwenye kopo la kalamu. Leo simu ya dharura imenikuta na nusu yai mdomoni. Mwanamke anapiga kelele kwamba jiko la jirani yake limelipuka na jirani yuko ndani, mzee, miguu haina nguvu. Nikameza, nikaandika mtaa, nikabonyeza kengele. Gari likatoka.

Walimtoa yule mzee salama. Waliporudi Dereva akachungulia dirishani.

"Njiti, hilo yai la tatu?"

"La nne."

"Basi karibu tukuite Gogo."

Nikacheka. Lakini nilikuwa bado namfikiria yule mzee kwapani mwa mtu, visigino vikiburuzika sakafuni. Nimetaka mikono ile iwe yangu.

27 Machi

Siku ya mapumziko, mvua tangu alfajiri, sikukimbia. Nisipokimbia namkumbuka.

Tulikuwa tunakula sahani moja. Fundi alikuwa na tabia ya kuchimba kishimo kwenye wali upande wangu, anakisukumia samaki pale, yule mnofu wa tumboni wenye mafuta. Alidai haupendi. Siku moja nilimkuta kwa rafiki yake anautafuna mpaka miiba, macho kafumba. Nilirudi nyuma taratibu asinione. Niliona kwamba mtu akikudanganya hivyo, umebahatika.

Alipoondoka, wiki ya kwanza nilipika kipimo kile kile. Wali ukabaki. Nikapunguza. Ukabaki tena. Kukaa peke yangu mbele ya sahani tuliyokuwa tukila wawili niliona kama natangaza msiba, kwa hiyo nikawa nakula nimesimama, halafu nikawa nasahau. Mbio zilinifaa. Ukikimbia tumbo likiwa tupu, inafika mahali kichwa kinakuwa chepesi, hakuna mtu ndani. Nilipenda mahali pale. Watu walinisifu kwa wembamba na bidii, nami nikadhani najenga kitu.

2 Aprili

Hatua kumi na moja. Sajini alichora mstari kwa chaki nilipofika. Mvua ikaufuta.

9 Aprili

Kilo arobaini na tisa na nusu. Sajini amenirekebisha: "Acha kumvuta kwa mikono kama unachota maji kisimani. Chuchumaa, mkumbatie, simama kwa mapaja." Nikamkumbatia Mheshimiwa kwa nguvu zangu zote, uso wangu shingoni mwake. Ananuka turubai bichi. Nikasimama naye. Ni miaka miwili na nusu tangu nimkumbatie mtu namna hiyo, na huyu ni mchanga.

Hatua kumi na nne.

14 Aprili

Siku zangu zimerudi leo, saa saba mchana, nikiwa kazini.

Nilikaa kwenye choo cha kituo nikalia, sikujua kama ni furaha. Mwili wangu ulikuwa umekwenda mbali na umerudi. Ulijua njia. Kumbe inawezekana kurudi.

18 Aprili

Leo nyumba imewaka bila moto.

Nilikuwa nakunja nguo chumbani, Mama akaingia bila kubisha, kopo la karanga mkononi. Lilikuwa chini ya mashuka yangu.

"Ni ya nani?" akauliza.

"Yangu, Mama. Nakula kabla ya mazoezi."

"Siulizi karanga. Unakula kwa kujificha. Nyonga zimejaa. Asubuhi nakusikia unatapatapa na mayai. Nimezaa mimi, usinifanye mtoto. Hiyo mimba ni ya nani?"

Nilicheka kwanza, na nadhani kicheko ndicho kilichoharibu. Nikamwambia sina mimba, nina mtihani. Nikamweleza habari za kliniki, za Mheshimiwa, za hatua thelathini. Alinitazama kama ninayemsimulia ndoto.

"Mwanangu anahangaika juani huko," akasema, "na wewe hapa unanenepa."

Hapo ulimi ukaniponyoka. "Mwanao angetaka kujua kama tunakula, angepiga simu."

 Mama alirudi nyuma, akapapasa kitanda kwa mkono kabla ya kukaa, kama mtu aliyeingiwa na moshi machoni. Nikataka kuyarudisha maneno, lakini maneno hayana mkia wa kuyashikia. Kisha akaliweka kopo juu ya mashuka, akatoka.

19 Aprili

Hatusemeshani.

20 Aprili

Sahani tatu mezani. Hatusemeshani.

21 Aprili

Mvua imepiga bati mchana kutwa. Nimeshukuru kelele zake.

23 Aprili

Nilikuwa uwanjani na Sajini, mvua ya rasharasha, Mheshimiwa ameloa na kuzidi uzito. Nimefika hatua ya kumi na tano nikaanguka naye. Nikarudi mwanzo. Kumi na saba, nikaanguka tena. Nilipoinua macho nikamwona Mama chini ya ukingo wa gereji, mwavuli mkononi, viatu vya kutokea miguuni. Alikuwa amekuja kunipeleleza, anione na mwenye mimba.

Dereva alimpa kiti. Baadaye amenisimulia walivyozungumza.

"Huyo bwana wanayemburuza amefanya nini?" Mama alimuuliza.

"Amekutwa na moto, Mama. Kila siku anakutwa na moto, kila siku binti huyo anakwenda kumtoa."

"Na hawezi kutembea?"

"Hawezi. Wengi wao hawawezi."

 Mama alikaa nusu saa nzima akiniangalia nikianguka na kuinuka. Nilipomaliza hakuwepo.

Jioni alipakua sahani tatu kama kawaida. Tukala. Nilipomaliza yangu akainuka, akaenda kabatini, akaishusha ile ya Fundi, akaiweka mbele yangu na kuifunua. Wali, maharage, kipande kikubwa cha samaki.

"Asiyekuwapo na lake halipo," akasema. "Kula."

Sikuthubutu kunyoosha mkono.

"Kula, mwanangu. Nimekuona leo. Nilidhani unakula kwa sababu umemsahau."

"Sijamsahau, Mama."

"Najua. Mimi nami sijamsahau. Unafikiri nina tumbo dogo? Nilikuwa mtu wa kula, muulize yeyote. Lakini nikishiba, naona kama nimekubali kwamba hayupo. Kwa hiyo naacha nafasi kidogo." Akajigusa chini ya kifua. "Hapa. Kila siku naacha nafasi yake."

Miaka miwili na nusu nimedhani mwanamke huyu anahesabu vijiko vyangu. Alikuwa anahesabu vyake. Sikuwahi kuangalia sahani yake. Leo nimeiangalia: tonge nne, labda tano. Na vifundo vya mikono yake vimetokeza kama vyangu.

Nikaisogeza sahani ile katikati yetu. Nikamwambia sitakula peke yangu. Akakaza midomo. Halafu akanawa upya, akaanza upande wake, nami upande wangu.  Mvua ilikuwa imekatika na majirani walikuwa wakifagia maji barazani. Tulipofika katikati, machozi yalikuwa yakimshuka lakini mkono wake haukusimama.

1 Mei

Mama sasa ni bwana shamba wa tumbo langu. Uji wa maziwa kabla ya kukimbia. Nikirudi, mayai. Kanifungia viazi na maharage vya mchana, na leo kamwagiza Dereva ahakikishe nimevimaliza. Dereva kampigia saluti.

"Yule mama wa kliniki alisema samaki au mayai kila mlo," nikamwambia. "Hakusema vyote na maharage juu."

"Yule mama hajakuona ukianguka."

Naye anakula. Sahani zetu ni mbili.

8 Mei

Kilo hamsini na moja na nusu. Hatua ishirini na nne. Nimepanda ngazi za mnara na mpira wa maji begani bila kusimama. Nikipita mbele ya kioo cha gereji namwona mwanamke mwenye mabega. Natamani Fundi amwone.

13 Mei

Amepiga.

Jua lilikuwa linazama, tunachambua mchele barazani. Simu ya Mama ikaita, namba ngeni. Akaiweka sikioni, akasema tu, "Ni wewe," na uso wake ukarudi ujanani. Nikasimama, mchele ukamwagika. Alikuwa anacheka na kumkaripia kwa pamoja: umekonda? unalala wapi? Halafu akawa anasikiliza. Nikaona furaha ikimtoka usoni, kidogo kidogo, kuanzia machoni. Mwisho akasema, "Mwambie mwenyewe. Sikukuzaa ili nikusemee." Akanipa simu.

Nilikuwa na maneno ya miezi tisa.  Nilimsikia akikohoa, kikohozi chake kile kile cha kutafuta pa kuanzia, na nikakipenda palepale.

Kuna mwanamke huko, akasema. Kuna mtoto, ana miezi mitatu. Aliona haya. Alikuwa anatafuta maneno.

"Umeyapata?" nikauliza.

Akauliza naye: "Mama anakula?"

"Anakula."

"Na wewe?"

Nikakata simu. Ningejibu swali lolote jingine.

14 Mei

Sikula.

15 Mei

Sikula. Nimekimbia kilomita kumi na mbili tumbo tupu. Nikafika pale mahali pepesi, hakuna mtu ndani, hata yeye. Palikuwa patamu kama zamani. Ndipo nikaogopa.

16 Mei

Uwanjani leo sikuweza hata kumwinua Mheshimiwa.  Sajini alikaa nami kwenye ngazi, akanipa nusu ya mkate wake wenye yai. Nikaushika tu. "Zimebaki siku nane," akasema, akaondoka.

Nyumbani nikalala nimeelekea ukutani. Mama akaja na bakuli la uji, akakaa kitandani. Nilidhani atamtetea. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

"Yule ni mwanangu," akasema. "Sitamkana. Akipiga kesho nitapokea, na huyo mjukuu nitamwombea. Hilo nisikufiche."

Sikugeuka.

"Lakini nimekaa miaka miwili na nusu namwekea mtu chakula asichokila, na hapa pembeni yangu kulikuwa na mtoto anakauka. Sirudii."  "Ameshachukua mengi, mwanangu. Usimpe na mwili wako."

Nikageuka. Uji ulikuwa umeganda juu. Mama alinishikia bakuli, mimi nikashika kijiko. Vijiko vitatu vya kwanza vilipita kama mchanga. Cha nne nikakisikia ladha. Nilipofika chini nikaomba mwingine, na Mama akaenda jikoni haraka, karibu anakimbia.

20 Mei

Nakula. Bado namtamani. Havizuiani.

24 Mei

Tulikuwa sita, wanaume watano na mimi. Ardhi ilikuwa laini, mawingu lakini bila mvua. Mbio nilimaliza wa pili. Ngazi sikumbuki. Halafu Mheshimiwa.

Nilichuchumaa, nikamkumbatia, nikasimama kwa mapaja. Sajini akahesabu kwa sauti ya kawaida kama anayesoma orodha. Kumi zilipita nikiwa bado napumua vizuri. Kumi na tisa, vidole vikaanza kufunguka, nikavifunga tena. Ishirini na tatu, kisigino kikateleza, nikakaa nusu, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikianza kuanguka siku zote. Nikangoja kuanguka. Sikuanguka. Kulikuwa na kitu chini, mapajani na kiunoni, ambacho Machi hakikuwepo, kilinishika, kikanisimamisha. Wiki kumi na moja za mayai na maharage na uji, zote zilikuwa pale. Sikumwaza Fundi. Sikumwaza mtu. Niliwaza visigino tu.

Wanasema Sajini alitamka "thelathini, basi," mara mbili. Sikusikia. Niliendelea kurudi nyuma hadi mgongo wangu ukagonga chuma.

"Gogo," Dereva akasema juu ya kichwa changu, "hilo gari tunalihitaji."

Nikamlaza Mheshimiwa chini taratibu, kichwa kwanza.  Sajini akaandika kwenye karatasi yake, akaupuliza wino ukauke, akasema nijiandae: mafunzo yanaanza tarehe 10 Juni, miezi minne, mji mwingine.

Njiani kurudi nyumbani nikatoa simu. Kidole kilikuwa tayari kwenye namba mpya ya Fundi, niliyoinakili kwenye simu ya Mama, kabla sijakumbuka. Nilitaka yeye awe wa kwanza kujua. Nikasimama kando ya barabara hadi hamu ile ikapungua makali, kisha nikaendelea na safari.

9 Juni

Nimempigia Fundi mchana. Nimemwambia simngoji tena. Hakubisha. Nimelia, nikala, nikafunga begi.

14 Juni

Mvua zimekwisha. Huku chuoni ni vumbi tayari.

Tunakula kwenye ukumbi wenye meza ndefu, wanafunzi arobaini, wanawake tuko watatu. Siku ya kwanza mpakuaji aliniwekea kidogo, akiangalia umbo langu. Nikabaki nimemnyooshea sahani mpaka akaelewa. Sasa hanisubirishi.

Jioni hii, baada ya kula, nimekaa kwenye ngazi za bweni nikampigia Mama. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Umekula nini leo, Mama?"

"Nilikunywa chai."

"Chai ya saa ngapi?"

Akasema nyumba ni kimya. Akasema kupika kwa ajili ya mtu mmoja kunamchosha hata kabla ya kuwasha moto. Akasema nisijali, yeye ni mzee, hana wa kumkokota.

Niliyajua maneno hayo, kila moja. Nikamwambia awashe jiko, nikiwa nasikiliza. Akanung'unika kwamba nitamaliza salio bure. Nikamwambia aiweke simu mezani na awashe jiko. Nikasikia kiberiti, maji, kisu kikikata kitu kigumu, labda kiazi. Nikamsikia akivunja mayai mawili, kisha kimya, kisha la tatu. Wenzangu walipita na ndoo za kuoga, wakaniuliza naongea na nani, maana siongei.

Alipokaa nikasikia kiti. Nikasikia akisema bismillahi yake fupi, na sahani ikikwaruzwa. Mara nne. Mara tano. Nikahesabu, na mwili mzima ukinivuta kwenda kukaa upande wa pili wa meza ile.

"Upo?" akauliza, mdomo umejaa.

"Nipo, Mama. Endelea."